Fluori ndiyo inayovuta kuliko zote, mbona maji yanaishinda HF kwa kuchemka?

Swali lilikuja hivi:

"Jambo Mwalimu. Niko mwaka wa sita, kemia na biolojia, naishi Ndosho hapa Goma. Darasani tuliandika kwamba elektronegativite ya atomu ikizidi, na kifungo cha hidrojeni kinazidi nguvu. Nilifurahi kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Halafu nikaangalia namba. Fluori ndiyo ya kwanza kwenye jedwali la elektronegativite, lakini HF (hidrojeni iliyoungana na fluori) inachemka kwenye digrii 19.5 na maji kwenye digrii 100. Tena klori ina 3.16 na azoti ina 3.04, lakini tunaambiwa ni azoti, oksijeni na fluori tu zinazofanya kifungo hicho. Je, sheria ni ya uongo au mimi ndiye sijaelewa? Na la mwisho: nilichemsha maji nyumbani nikatia kipimajoto cha kaka yangu, kikasimama kwenye 95. Kimeharibika?"

Jambo binti yangu. Umefanya kitu ninachokiomba darasani kila mwaka: umeandika sheria, kisha ukaifuata mpaka kwenye namba uone kama inasimama. Sheria yako ni ya kweli, ila ni nusu tu. Nusu ya pili inakwenda kinyume na ile ya kwanza, na hiyo ndiyo mara nyingi haifiki ubaoni. Ukizishika zote mbili, HF na maji havitakusumbua tena.

Tuanze na neno lenyewe. Atomu mbili zikiungana kwa kuchangia elektroni, hazichangii sawasawa. Uwezo wa atomu kuzivutia upande wake zile elektroni za kuchangia ndio elektronegativite. Linus Pauling, mkemia wa Marekani, alipendekeza kipimo chake mwaka 1932, na namba tunazozitumia hadi leo zinatoka katika njia yake: fluori 3.98, oksijeni 3.44, klori 3.16, azoti 3.04 (ukisoma vitabu vya Tanzania au Kenya utaikuta kwa jina la naitrojeni), sulfuri 2.58, kaboni 2.55, hidrojeni 2.20. Ziandike pembeni, tutazirudia.

Darasani mimi hutumia blanketi. Usiku wa Goma una baridi, hasa mvua ikishanyesha, na watoto wengi wanalala wawili kitanda kimoja, blanketi moja. Mmoja ana nguvu, mwingine ni mdogo. Usiku unapoendelea, blanketi lote linahamia kwa mwenye nguvu na yule mdogo anabaki mgongo wazi. Katika molekuli ya maji, oksijeni ndiye mwenye nguvu na hidrojeni ndiye mdogo. Na hidrojeni ina shida ambayo atomu nyingine hazina. Sodiamu ukiinyang'anya elektroni yake ya nje, bado ina matabaka ya ndani yanayokifunika kiini. Hidrojeni ilikuja duniani na elektroni moja tu. Ikivutwa upande wa pili, kinachobaki huku ni protoni ambayo haina karibu kitu cha kuifunika: ndogo sana, yenye chaji chanya, na iliyo tayari kumsogelea jirani yeyote.

Jirani ni nani? Ni atomu ya molekuli nyingine yenye jozi huru, yaani elektroni mbili ambazo haizichangii na mtu. Huo ni upindo wa blanketi unaoning'inia nje ya kitanda cha pili. Hidrojeni yetu yenye baridi inajisogeza mpaka chini ya upindo huo, bila kuondoka kwenye kitanda chake. Hicho ndicho kifungo cha hidrojeni.

Sasa tazama kwa makini, maana jibu lako limelala hapa. Kuna vitanda viwili. Kwenye kitanda cha kwanza kuna atomu inayoitoa hidrojeni mbele, tuiite mtoaji. Kwenye cha pili kuna atomu inayoutoa upindo, tuiite mpokeaji. Mtoaji akiwa na elektronegativite kubwa ni vizuri: anavuta blanketi kwa nguvu, hidrojeni inabaki wazi zaidi, inatafuta zaidi. Hiyo ndiyo nusu uliyoandika. Lakini mpokeaji naye akiwa na elektronegativite kubwa, atafanyaje na upindo wake? Ataukunja chini ya ubavu wake. Jozi zake huru anazibana karibu na kiini, na jirani anapata kidogo. Kwa hiyo elektronegativite inamsaidia mtoaji na inamharibu mpokeaji. Fluori ni mtoaji bora kuliko wote na, kati ya hizo tatu zetu, ni mpokeaji mbaya kuliko wote. Azoti ni kinyume chake. Oksijeni imekaa katikati.

Usiniamini kwa sababu ya blanketi. Angalia nishati.

Nguvu ya kifungo hupimwa kwa nishati inayohitajika kukikata, kilojuli kwa kila moli. Nitakupa namba za karibu, za molekuli mbili tu zikiwa peke yake katika gesi, bila kuhesabu mtikisiko wa atomu zenyewe. Molekuli mbili za H₂S (hidrojeni mbili na sulfuri moja) zinashikana kwa karibu 7. Mbili za amonia (NH₃, azoti moja na hidrojeni tatu), karibu 13. Mbili za maji, karibu 21. (Ili ujue ukubwa wa mambo: kuikata O–H yenyewe ndani ya molekuli ya maji kunahitaji karibu 460. Kifungo cha hidrojeni ni kidogo sana mbele ya hicho, na ndiyo sababu maji yakichemka yanabaki maji, hayageuki kuwa hidrojeni na oksijeni.) Hadi hapo sheria yako inatembea vizuri: sulfuri, azoti, oksijeni, nguvu inapanda. Kwa hiyo ungetegemea molekuli mbili za HF ziruke mpaka 30 au 40. Haziruki. Zinashikana kwa karibu 19, chini kidogo ya maji.

Mtoaji aliyepo ni hodari kuliko wote, lakini anapokelewa na fluori iliyokunja upindo.

Halafu badilisha mpokeaji. Acha HF itoe, maji yapokee: karibu 36. Acha HF itoe, amonia ipokee: inafika karibu 50. Hidrojeni ni ileile, ya HF ileile. Kilichobadilika ni nani anampokea, na nguvu imezidi mara mbili na nusu. Jaribu pia upande wa maji: maji yakitoa kwa maji ni 21, maji yakitoa kwa amonia ni 27. Azoti yenye elektronegativite ndogo kuliko oksijeni inapokea vizuri kuliko oksijeni. Namba hizi mimi nazipenda sana, kwa sababu mwanafunzi akizipanga vizuri mezani, anaiona sheria nzima bila mwalimu kusema neno.

Kuna kisa kimoja ambapo fluori inapokea kwa ukarimu: ikiwa imeshapata elektroni ya ziada na kuwa ioni, F⁻. Hapo ina blanketi zima la ziada. HF ikikutana na F⁻ zinafanya HF₂⁻, na hidrojeni inakaa katikati kabisa, haijulikani tena ni ya nani. Nishati yake ni karibu 160, nayo ni kati ya vifungo vya hidrojeni vyenye nguvu kuliko vyote vinavyojulikana. Vitabu vingi vinaichukua namba hii, vinaiweka karibu na jina la fluori, na mwanafunzi anadhani ndiyo nguvu ya HF ya kawaida. Hizo ni habari mbili tofauti.

Na ukikuta kitabu kinachosema HF kwa HF ni 28 au 29, nacho hakikosei. Kinaongelea HF iliyojipanga mnyororo, mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaopitishiana matofali. Molekuli inayompokea jirani inapoteza elektroni kidogo upande wa jozi zake, hivyo hidrojeni yake yenyewe inabaki wazi zaidi na inatoa vizuri zaidi kwa anayefuata. Kwenye mnyororo kila kifungo kinakipa nguvu kingine. Maji nayo yana tabia hiyo.

Sasa tufike kwenye digrii 19.5 na 100. Hata tukikubali kwamba ndani ya kimiminika kifungo kimoja cha HF kina nguvu kuliko kimoja cha maji, kuchemka hakupimi kifungo kimoja. Kunapima vyote vinavyoishikilia molekuli isitoke. Kwa hiyo uhesabu. Molekuli ya maji ina hidrojeni mbili za kutoa na jozi huru mbili za kupokelea. Mbili kwa mbili, hakuna kinachobaki bila mwenzake, na kila molekuli inaweza kushikwa na majirani wanne. Molekuli ya HF ina jozi huru tatu lakini hidrojeni moja tu. Jozi mbili zinabaki bila mgeni. Amonia ina hidrojeni tatu lakini jozi huru moja. Hidrojeni mbili zinabaki bila mwenyeji. Ukigawa kwa molekuli, maji yanapata vifungo viwili kwa kila molekuli (maana kila kifungo kinachangiwa na wawili), HF kimoja, amonia kimoja. Ndiyo maana amonia inachemka kwenye −33, HF kwenye 19.5, na maji yanakwenda mpaka 100.

Tena HF ikichemka, molekuli nyingi zinapanda hewani zikiwa bado zimeshikana, nyingine kwa duara la sita. Haikulipa bei yote ya kukata vifungo vyake. Maji yanalipa karibu yote.

Klori sasa. Hapa umeshika jambo ambalo hata walimu wengine wanalikwepa, na nakupongeza. Ukitazama namba za Pauling peke yake, klori na 3.16 ingepaswa kuipita azoti na 3.04. Lakini HCl inachemka kwenye −85, chini ya HBr (−67) na chini ya HI (−35), yaani inafuata foleni ya uzito wa kawaida kama molekuli isiyo na kifungo cha maana. Amonia, kinyume chake, inaruka juu ya PH₃, ndugu yake wa chini kwenye jedwali la Mendeleev, ambayo inachemka kwenye −88.

Sababu ni ukubwa. Azoti iko mstari wa pili, klori iko mstari wa tatu. Nusu kipenyo ya klori ni karibu pikomita 100, ya azoti ni kama 70. Jozi huru za klori zimetandazwa juu ya eneo kubwa. Ni elektroni zilezile mbili kwa kila jozi, lakini zimekuwa nyembamba kama siagi kidogo iliyopakwa kwenye mkate mkubwa, na hidrojeni ya jirani haipati mahali penye chaji iliyokusanyika pa kushika. Haiwezi pia kusogea karibu, kwa sababu atomu yenyewe ni nene. Nguvu ya umeme inapungua haraka umbali ukiongezeka; pikomita 30 kwa kipimo cha atomu ni mbali.

Kwa hiyo ziandike pamoja: elektronegativite kubwa na atomu ndogo. Mmoja bila mwenzake hatoshi. Azoti, oksijeni na fluori ndizo zenye vyote viwili, na ndiyo sababu mwalimu wako anazitaja hizo tatu. Ila usidhani HCl haiwezi kitu. Kama mtoaji inafaa sana, tatizo lake ni kupokea. Fungua chupa ya amonia kali karibu na chupa ya asidi kloridriki, mahali penye hewa na mwalimu akiwepo, utaona moshi mweupe katikati. Hidrojeni ya HCl imemkimbilia azoti moja kwa moja, na safari hii haikusimama njiani kama kifungo cha hidrojeni: imehama kitanda kabisa, ikazaa chumvi, NH₄Cl.

Je, ni kweli kwamba ni hizo tatu tu? Kwa shule, ndiyo, na kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza shule, ukiulizwa uchague jibu moja, chagua hilo. Lakini mwaka 2011 IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, ulitoa maelezo mapya ya kifungo cha hidrojeni, na haukutaja majina matatu. Ulisema hidrojeni iwe imeungana na atomu yenye elektronegativite kubwa kuliko yake, na kuwe na ushahidi kwamba kifungo kimetokea. Mlango umepanuka. Nani anaingia?

Anaingia hata kaboni, ikisaidiwa. Kaboni ina 2.55 na hidrojeni 2.20, tofauti ni 0.35, ndogo mno. Metani, CH₄, haina kifungo cha hidrojeni na inachemka kwenye −162. Lakini ukiifunga kaboni hiyohiyo na azoti kwa kifungo mara tatu, upate HCN, azoti inavuta kaboni, kaboni nayo inageuka kuvuta hidrojeni yake kwa nguvu ambayo haikuwa nayo. HCN inachemka kwenye digrii 26. Linganisha na gesi ya azoti, N₂, yenye uzito karibu uleule (28 kwa 27), inayochemka kwenye −196. Tofauti ya zaidi ya digrii 200 kwa molekuli mbili za uzito mmoja, na kifungo cha hidrojeni ni sehemu kubwa ya maelezo.

HCN unaijua bila kujua kwamba unaijua. Ndiyo sumu ya muhogo mchungu. Mama zetu wanaloweka muhogo siku kadhaa, wanaumenya, wanauanika juani kabla ya kuutwanga unga wa ugali. Kuloweka kunaivunja ile sehemu ya muhogo inayoificha sumu. Halafu, kwa kuwa HCN inachemka kwenye 26, jua la mchana linatosha kuiondosha. Kama molekuli zake zingeshikana kwa nguvu kama za maji, kuanika kusingetosha. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akukatishie siku za kuloweka, hata kama sokoni bei ni nzuri na mteja ana haraka. Watu wamepooza miguu kwa haraka hiyo, na ugonjwa unaitwa konzo.

Niseme pia kidogo kuhusu ziwa letu, kwa sababu ni maabara ambayo shule yoyote ya Ulaya ingeitamani. Kivu ina kina cha zaidi ya mita 480, na ndani yake kumehifadhiwa gesi ambazo zikiwekwa kwenye shinikizo la kawaida zingefika karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Chini kabisa hakuna oksijeni na kuna H₂S, ile gesi ya harufu ya yai bovu.

Weka H₂S na H₂O pembeni kwa pembeni. Umbo ni moja, hidrojeni mbili na jozi huru mbili, hesabu ileile. Tofauti ni 2.58 badala ya 3.44, na sulfuri ni atomu nene. Moja inachemka kwenye −60, nyingine kwenye 100. Hapa hesabu ya idadi haiingilii, kwa hiyo unaiona elektronegativite na ukubwa zikifanya kazi peke yake. Kama ningeambiwa nifundishe somo hili kwa mfano mmoja tu, ningechukua huu na kuiacha HF kabisa.

Metani, isiyo na cha kutoa wala cha kupokea, haipendi maji. Kwenye digrii 25, kaboni dioksidi inayeyuka ndani ya maji zaidi ya mara 20 kuliko metani, na sababu mojawapo ni kwamba oksijeni zake mbili zina chaji hasi kidogo ambayo hidrojeni za maji zinaweza kuielekea. Amonia, inayotoa na kupokea, inakwenda mbali zaidi: lita moja ya maji kwenye digrii 20 inaweza kumeza karibu lita 700 za gesi hiyo. Metani ya Kivu inabaki imeyeyuka kule chini kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake. Kule ng'ambo, upande wa Rwanda, wanaoitoa kwa umeme wanapandisha maji ya chini kwa bomba, shinikizo linapungua, gesi inatoka. Kisha wanaiosha kwa maji, kaboni dioksidi inabaki majini na metani inapita. Tofauti ya kuyeyuka imegeuzwa kuwa mashine.

Na mazuku? Unaijua vizuri, kila mtu wa Goma amekatazwa kuingia kwenye mashimo ya mawe ya moto wa zamani. Ni kaboni dioksidi iliyotoka ardhini na kujilaza mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Itumie kukumbuka kosa moja ambalo nakutana nalo kila mwaka kwenye karatasi: "CO₂ ina oksijeni, kwa hiyo ina vifungo vya hidrojeni." Hidrojeni iko wapi? Molekuli mbili za CO₂ hazina hata hidrojeni moja ya kupeana. Mpokeaji wapo wanne, mtoaji hakuna. Barafu yake inageuka gesi kwenye −78.5.

Fluori pia ipo hapa kwetu, na si ya vitabuni. Moshi wa Nyiragongo una HF ndani yake, mvua inaiosha, inashuka na kuingia kwenye maji ambayo watu wa pembezoni mwa Virunga wanayakinga kwenye mabati au kuyachota. Ikishafika majini inakuwa F⁻, ioni niliyokwambia inapokea kwa ukarimu. Molekuli za maji zinaizunguka, kila moja imeelekeza hidrojeni yake kwake, na haiachiwi. Ndiyo maana kuchemsha maji hakuondoi fluori. Maji yanapungua kama mvuke, fluori inabaki, na kilichobaki kwenye sufuria kina fluori zaidi kuliko mwanzo. Chemsha maji kwa ajili ya kipindupindu na kuhara, hapo chemsha kabisa. Lakini meno ya watoto yanayoanza kuwa na madoa ya kahawia hayataokolewa na moto. Yanataka chanzo kingine cha maji au kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya fluori.

Sasa ilinganishe na zile sufuria nyeusi za mjini ambazo chakula hakishiki. Uso wake umejaa fluori, lakini ni fluori iliyofungwa na kaboni. Mwagia maji: yanajikunja matone na kuteleza. Elementi ni ileile iliyokataa kuachiwa na maji ya mvua. Ikiwa ioni, upindo wake ni mkubwa. Ikiwa imefungwa na kaboni, imeukunja wote na maji hayapati mahali pa kushika. Nenda ukajaribu kwa macho yako kama kuna jirani mwenye sufuria hiyo.

Ukiulizwa kueleza kwa maandishi, andika kwa mpangilio huu na hakuna msahihishaji mwaminifu atakayekunyima alama: nani anatoa, na elektronegativite yake inaiacha hidrojeni wazi kiasi gani, nani anapokea, jozi zake huru amezibana kiasi gani na atomu yake ni ndogo au nene, kisha, kama swali linataja kuchemka, hesabu vifungo kwa kila molekuli kabla ya kusema neno lolote kuhusu nguvu. Wengi wanaanza na la mwisho au wanalisahau. Na usiandike kwamba kifungo cha hidrojeni ni kile kilicho ndani ya molekuli kati ya O na H. Najua hutaandika, lakini nimesahihisha karatasi nyingi.

Nimebakiwa na kipimajoto cha kaka yako. Kizima kabisa. Zile 100 zinahusu maji yaliyo usawa wa bahari. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na hewa iliyo juu yetu ni pungufu; shinikizo lake ni karibu hektopaskali 845 badala ya 1,013. Vifungo vya hidrojeni ni vilevile na vinashikana vilevile, ila mvuke una kizuizi kidogo cha kusukuma ili utoke, kwa hiyo maji yanaanza kuchemka kwenye 95. Ndiyo sababu maharage ya hapa yanakula makaa mengi kuliko ya Dar es Salaam: maji yanayachemsha lakini hayana joto lile. Weka kifuniko kizito juu ya sufuria, na kipimajoto mrudishie kaka yako.